Mpeni Mwanafunzi Nafasi ya Kuugua

Waraka wa wazi kwa Waziri wa Huduma za Afya, Serikali ya Kaunti ya Kiambu

KUH: KUZUIA HOMA YA MAFUA KATIKA VYUO VYA THIKA, JUJA NA RUIRU

Mheshimiwa Waziri,

Tunakuandikia hadharani kwa kuwa jambo tunalokuletea linawagusa wengi, na wengi hao wana haki ya kusikia tulichouliza na utakachojibu. Kwanza tunawashukuru wauguzi, matabibu na maafisa wa afya ya umma wanaokesha ili Hospitali ya Thika Level 5, ile ya Ruiru na zahanati za mitaani zisikose mtu wa kumpokea mgonjwa. Waraka huu haukuandikwa dhidi yao. Umeandikwa ili mzigo wao upungue.

Baridi ya Julai imetua. Asubuhi ukungu hufunika barabara kuu kutoka Ruiru hadi Thika, na magari hupita yakiwa yamewasha taa. Saa mbili, ndani ya ukumbi wa mihadhara wa chuo ambacho hatutakitaja, madirisha yote yamefungwa. Mmoja anakohoa mbele, wawili wanamjibu nyuma. Kando ya ukuta ameketi binti aliyejifunga leso shingoni, macho mekundu, meno yakigongana. Amelala na homa. Usiku alikunywa maji ya tangawizi na vidonge viwili vya kutuliza maumivu, akaamka vivyo hivyo. Kilichomtoa kitandani ni karatasi ya mahudhurio. Karatasi hiyo huanzia mstari wa kwanza ikiwa na kalamu moja, na kalamu hiyo hupita mikono 80 kabla ya kurudi mezani kwa mhadhiri. Binti anapiga chafya kiganjani, anapokea kalamu, anaandika jina lake, anampa jirani.

Tunakuomba, Mheshimiwa, uiweke kalamu hiyo mbele ya macho yako unaposoma yanayofuata.

Tumekuchagua wewe kwa sababu eneo unalolihudumia ni eneo la vyuo. Ukishika barabara kuu utapita Zetech pale Ruiru, Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta pale Juja, kisha Chuo Kikuu cha Mount Kenya, Gretsa na chuo cha matabibu cha KMTC huko Thika. Hao ni makumi ya maelfu ya vijana wanaopanda magari yale yale ya 145, 236 na 237, wanaokula kwenye vibanda vile vile na kulala katika majengo yanayopakana. Tunajua kwamba vyuo vikuu vina mabaraza yao, na kwamba juu yao ipo Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Lakini Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliikabidhi kaunti huduma za afya, na homa haijui ukuta wa chuo unaishia wapi na mtaa unaanzia wapi.

Wapo watakaosema kwamba hii ni homa tu, itapita. Kwa wengi hupita kweli. Hata hivyo homa ya mafua, ile influenza yenyewe, ni nzito kuliko mafua ya kawaida: hushika ghafla, huuma misuli, humlaza mtu siku kadhaa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kila mwaka watu kati ya 290,000 na 650,000 hufa duniani kwa matatizo ya kupumua yanayotokana nayo. Huku kwetu haingoji majira ya baridi pekee kama ilivyo Ulaya. Virusi vyake huzunguka mwaka mzima, na baridi inapotufungisha madirisha huvipa nafasi zaidi. Wala ujana si ngao. Homa ya 1918, iliyoingia Pwani kwa meli kupitia Mombasa, ilikumbukwa duniani kote kwa kuua vijana wenye nguvu zao. Na ilipokuja homa mpya ya H1N1 mwaka 2009, mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa nchini Kenya, mwishoni mwa Juni, alikuwa mwanafunzi kijana kutoka Uingereza aliyesafiri na wenzake hadi Kisumu. Kundi zima liliwekwa pembeni, likafuatiliwa. Tangu siku ile tulipaswa kujua kwamba wanafunzi wanaosafiri na kulala pamoja ni mlango unaohitaji bawabu.

Tena mwanafunzi haishi chuoni tu. Ijumaa jioni hupanda gari kwenda kwao, akalala nyumba moja na nyanya yake mwenye pumu na mtoto mchanga wa dada yake. Mtu akiambukizwa, dalili hutokea baada ya siku 1 hadi 4, lakini huanza kuwaambukiza wengine takriban siku moja kabla ya kuhisi lolote, na huendelea kwa siku 5 hadi 7 baada ya kuugua. Kijana anayecheka na wenzake Ijumaa anaweza kuwa ameshaibeba. Yeye ataamka Jumatano akiwa mzima. Nyanya na mtoto huenda wasiwe na bahati hiyo, kwa maana wazee, watoto wadogo, wajawazito na wenye maradhi ya kudumu ndio homa hii huwaelemea zaidi.

Sasa tuyaseme maombi yetu, moja baada ya jingine.

Ombi la kwanza ni maji. Machi 13, 2020, serikali ilipotangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, kila lango lilipata mtungi, bomba na sabuni. Siku mbili baadaye ikatoka amri ya kufunga shule mara moja, na vyuo vikuu vikapewa hadi Machi 20. Vilipofunguliwa tena, mwanafunzi hakuingia bila kunawa. Leo, kwenye lango la chuo kimoja cha ukanda huu, mtungi huo bado upo. Bomba lake limeng'oka, ndani yake mna majani makavu na karatasi za peremende, na ubavuni bado pameandikwa kwa rangi ya buluu: NAWA MIKONO. Bawabu ameufanya mahali pa kuegemezea baiskeli yake.

Huko mabwenini hali ni nzito zaidi. Katika hosteli nyingi za kupanga mifereji hukauka kwa siku kadhaa, na wanafunzi hununua maji ya mkokoteni kwa mtungi wa lita 20. Mtu anayepima maji hayo kati ya chai, kufua na choo hawezi kunawa mikono kwa sekunde 20 kila akohoapo. Tukimwambia anawe, tunamtwisha jukumu bila kumpa chombo cha kulibebea. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya maji safi, salama na ya kutosha, na bwawa la Karimenu II kule Gatundu Kaskazini lilijengwa ili, pamoja na mengine, lipunguze kiu ya Ruiru na Juja. Tunakuomba ukutane na kampuni za maji za Thika na za Ruiru na Juja, wakuu wa vyuo na wenye hosteli, ili kila hosteli ya wanafunzi iwe na tangi na sehemu ya kunawia yenye sabuni kwenye kila ghorofa. Je, mkutano huo utauitisha kabla ya muhula ujao kufunguliwa?

Ombi la pili ni hewa. Majengo ya kupangisha yameota kuzunguka vyuo kama uyoga baada ya mvua, moja likiegemea jingine, hata dirisha la chumba likawa linatazama ukuta wa jirani kwa umbali wa mkono. Chumba kilichojengwa kwa ajili ya wawili kinalaza wanne, kwa sababu kodi hugawika vizuri zaidi kwa wanne. Nguo mbichi zinaning'inia juu ya vitanda, jiko la gesi liko kando ya mlango, na anayeugua hana pa kujitenga ila kuugeukia ukuta. Hatuwalaumu vijana kwa kubanana. Mfuko ndio unaowabana. Lakini Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inalihesabu jengo lililojaa watu hadi kuhatarisha afya, au lisilopitisha hewa ya kutosha, kuwa kero ambayo afisa wa afya ana mamlaka ya kuiondoa. Mamlaka hayo yako mikononi mwa ofisi yako. Tunakuomba hosteli za wanafunzi zikaguliwe kabla ya kila Septemba, na matokeo yabandikwe hadharani, ili mzazi anayemleta mwanawe kutoka Busia au Garissa ajue anamlaza wapi. Je, tutaiona orodha hiyo?

Hewa hiyo hiyo ndiyo tunayoililia ndani ya matatu. Saa kumi na mbili asubuhi abiria 14 hujifungia kwenye gari dogo kutoka Ruiru hadi Juja, na atakayethubutu kusogeza kioo husikia kutoka nyuma: "Funga dirisha, tunaganda!" Kufungua vioo viwili vidole vitatu tu hakugharimu kitu. Tunakuomba maafisa wako wazungumze na wenye magari ya barabara hii, ujumbe ubandikwe ndani ya kila gari, na makanga waelezwe sababu yake. Makanga akishika jambo, abiria hulifuata.

Ombi la tatu ndilo kiini cha waraka huu, nalo ni ruhusa ya kuugua. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mwanafunzi wa leo hafichi maradhi kwa aibu. Anayaficha kwa sababu kuugua kunamgharimu. Vyuo vingi vina kiwango cha mahudhurio ambacho asipokifikia hakai mtihani. Akikosa mtihani wa kati ya muhula, lazima alete karatasi ya daktari, la sivyo alama zake zimekwenda. Fikiri karatasi hiyo hupatikana vipi. Mgonjwa mwenye homa anatoka kitandani, anapanda matatu, anakaa saa tatu kwenye benchi la kliniki akiwa katikati ya mama mjamzito na mzee mwenye kifua, anaandikiwa apumzike siku 3, kisha anaipeleka karatasi hiyo kwa mkono ofisi hadi ofisi ili ipigwe mihuri. Utaratibu uliowekwa ili kuthibitisha ugonjwa umekuwa njia ya kuusambaza. Nao wauguzi wako hutumia nusu ya asubuhi wakiandika ruhusa badala ya kutibu.

Vyuo vina hoja yao, na tunaikubali. Wapo watakaodai homa siku ya mtihani wasiousomea. Lakini udanganyifu wa wachache una dawa yake: mwanafunzi aruhusiwe kujiripoti mwenyewe, kwa simu, mara chache zinazojulikana kila muhula, apumzike siku 3 bila karatasi, na mtihani alioukosa aufanye baada ya wiki moja. Akizidisha siku hizo, hapo aende kwa daktari. Kanuni ya kurudi darasani iwe ile ambayo madaktari hushauri: saa 24 bila joto la mwili kupanda, na bila kutumia dawa ya kulishusha. Hesabu za mahudhurio zisimhukumu aliyekaa kitandani kwa ajili ya wenzake. Wewe huwezi kuviamuru vyuo, lakini ushauri wa kiafya ukitoka kwenye ofisi yako, kwa maandishi na kwa muhuri wa kaunti, mlezi wa wanafunzi atakuwa na kitu cha kuweka mezani kwenye kikao cha seneti. Je, utautoa ushauri huo?

Ombi la nne linahusu maduka ya dawa. Kijana akishikwa na homa huenda dirishani kwa mwenye duka, hutaja kikohozi, naye huondoka na kapsuli za amoksilini, pengine nne tu kwa kuwa fedha hazikutosha dozi nzima. Homa ya mafua huletwa na virusi, na dawa hiyo huua bakteria. Haitamponya, ila itawafundisha bakteria kuizoea, na siku atakapopata nimonia ya kweli dawa ikatae kufanya kazi. Tunakuomba uwashirikishe wenye maduka ya dawa yaliyo karibu na vyuo, wawe wa kwanza kumwambia kijana alale, anywe maji kwa wingi, atumie dawa ya kushusha homa. Wamtajie pia dalili ambazo hazingoji kesho: kupumua kwa shida, maumivu ya kifua, kuchanganyikiwa, au homa iliyopungua kisha ikarudi kwa nguvu. Maneno hayo yakibandikwa kwenye kila dirisha la duka, kwa Kiswahili na kwa Kikuyu, yataokoa zaidi ya kapsuli nne. Je, bango hilo tutaliona lini?

Ombi la tano ni chanjo. Hatuombi kila mwanafunzi achanjwe; tunajua mfuko wa kaunti na mahitaji yake, na tunajua chanjo ya homa hubadilishwa kila mwaka kwa kuwa virusi navyo hubadilika. Tunawaombea wanafunzi wa uuguzi, utabibu na udaktari wanaojifunzia wodini katika hospitali zako. Hawa hutoka kwenye chumba cha watu wanne na kwenda moja kwa moja kwenye kitanda cha mtoto anayepumua kwa taabu, kisha jioni hurudi chumbani. Shirika la Afya Duniani huwaweka wahudumu wa afya miongoni mwa watu wanaostahili kutangulizwa kwa chanjo hii. Mwanafunzi anayebadilisha drip na kupima joto la mgonjwa ni mhudumu, hata kama bado analipa karo. Vyuo vyao na ofisi yako vinaweza kugawana gharama. Je, mazungumzo hayo yanaweza kuanza mwaka huu?

Ombi la sita ni macho na masikio. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini kote, wakapewa mikoba yenye vifaa kama vile kipimajoto na mashine ya kupima shinikizo la damu. Hutembea nyumba kwa nyumba, na kazi yao tumeiona. Lakini hosteli yenye vyumba 60 ina watu wengi kuliko vijiji vingine, na aghalabu haina wa kuibishia hodi, kwa kuwa wenyeji wake huonekana wapita njia. Tunakuomba kila hosteli kubwa ihesabiwe kama kijiji, ipewe mhudumu wake, na wanafunzi wawili wa kila jengo wafundishwe kumsaidia. Wao watajua kwamba ghorofa ya tatu ina watu saba wanaokohoa tangu Jumatatu, kabla hospitali haijajua. Kisha taarifa hizo zirudi kwetu kila wiki kwa ufupi: homa imepanda Juja, imeshuka Thika, Ruiru fungueni madirisha. Watu wakipewa habari ya kweli mapema hawababaiki. Je, taarifa ya namna hiyo inaweza kutolewa kuanzia msimu huu?

Mheshimiwa, mwenye kuomba naye huahidi. Gazeti hili litachapisha majibu yako yote bila kuyapunguza. Tutatenga nafasi kila wiki ya msimu wa baridi kwa taarifa ya homa kutoka ofisini kwako, bila malipo. Nasi tunawaambia makomredi wanaosoma waraka huu: sehemu yenu haingojei ofisi yoyote. Kohoeni kwenye kiwiko, si kiganjani. Vaeni barakoa mnapokohoa, ile mliyoizoea 2020. Kikombe kimoja kisizunguke chumba kizima. Fungueni dirisha hata kwa robo saa, mvae sweta mbili. Anayeugua aletewe chakula mlangoni, na rafiki amwandikie yaliyofundishwa. Na kila mtu aje darasani na kalamu yake.

Wahadhiri nao tunawaomba kwa heshima ile ile: mkiona mwanafunzi anatetemeka, mwambieni aende akalale, na mweke alama kwenye jina lake kwa mkono wenu wenyewe. Hilo halihitaji kikao wala bajeti.

Tunarudi kwa yule binti wa kando ya ukuta. Hakufanya baya lolote. Alitii kila kanuni aliyowekewa: aliamka, alifika, aliandika jina, alimpa jirani kalamu. Kanuni ndizo zilizomtuma kuwaambukiza wenzake. Ofisi yako inaweza kumwandikia kanuni nyingine, inayosema kwamba siku ya homa mahali pake ni kitandani, kwamba maji yapo, kwamba dirisha linafunguka, na kwamba jina lake litakuwa salama hadi atakaporudi. Tunaamini unaweza, ndiyo maana tumekuandikia.

Tunasubiri jibu lako, na wasomaji wetu wanalisubiri pamoja nasi.

Wako kwa heshima na taadhima,

Mhariri,
kwa niaba ya wasomaji wa Thika, Juja na Ruiru